Ulezi wa Loth

Canter ilikuwa imekwisha kuipita Matai, na barabara ilikuwa imeanza kuteremka kuelekea ziwani. Redempta alikaa katikati, baina ya dereva na mama yake, amepakata boksi la taa mpya. Asubuhi walipoondoka nyumbani Chanji, mjini Sumbawanga, upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio, na kila mtu alikuwa na sweta juu ya sweta. Sasa joto lilikuwa linapanda kutoka chini, na masweta yote yalikuwa yamekunjwa miguuni.

Mama yake, Justa, alikuwa fundi umeme. Siku zote alishinda gereji, akitengeneza nyaya za magari na kufunga sola kwenye nyumba za watu. Kila likizo Redempta alikwenda naye. Alishika tochi, alichuna waya, alifagia, na jioni alirudi nyumbani kumsaidia bibi yake, Coleta, kuloweka ulezi wa kimea. Likizo hii ya mwezi wa sita ilikuja na kazi ya namna nyingine, ya kufunga taa kwenye chumba cha injini cha boti.

"Mama, umeme wa boti ni kama wa nyumba?"

"Ni kama wa gari. Betri, waya, fyuzi. Tofauti ni kwamba gari likizima unashuka unasukuma."

Dereva alicheka sana. Kisha akauliza, "Boti ipi hiyo, fundi?"

"Inaitwa Debora. Ya Mama Cornelia wa Matai."

Dereva aliacha kucheka. Alibadilisha gia, akatazama barabara. "Ile ya Loth," alisema taratibu.

"Loth ndiye nani?"

"Mama Cornelia hakukuambia?"

"Aliniambia taa za chumba cha injini hazifai. Basi."

"Basi na mimi simo," dereva alisema. "Mtaambiwa huko huko bandarini Kasanga." Na toka hapo hadi ziwani hakusema neno jingine, ila kuwafokea ng'ombe waliokuwa barabarani.

Debora ilikuwa boti ya matembezi, ya chuma, nyeupe, yenye mstari wa buluu ubavuni. Ilikuwa na paa la kivuli, viti vya plastiki na spika kubwa ya muziki. Watu waliikodi kwa harusi, kwa kuogelea, au kwa kutazama tu milima ya ng'ambo. Kesho yake ilikuwa iwachukue watoto wa kipaimara kutoka Matai. Mama Cornelia alikuwa amemwahidi Redempta kiti chake mbele kabisa, na tangu aahidiwe Redempta alikuwa hasemi jambo jingine.

Nahodha aliwapokea gatini. Aliitwa Benjamini, mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Pembeni yake alisimama msaidizi wake, kijana anayeitwa Timoth, akitafuna muwa.

"Shikamoo, mjomba," Redempta alimwamkia nahodha.

"Marahaba, mama. Karibuni. Fundi, hujambo?"

"Sijambo. Chumba kiko wapi? Tuanze mapema."

Benjamini aliwatangulia. Alikwenda nyuma ya boti, akainua kifuniko cha chuma sakafuni. Chini yake kulikuwa na ngazi fupi, na zaidi ya ngazi hiyo hakukuonekana kitu. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa konzi ya ulezi, akaitupa gizani. Redempta alizisikia punje zikianguka kwenye chuma kama mvua ndogo. Benjamini alisema maneno machache kwa Kifipa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye chumba cha pili. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Loth, hawa ni mafundi. Usiwashtue."

Mama yake Redempta aliweka chini boksi la vifaa. "Kaka, unaongea na nani?"

Ndipo wakaambiwa. Loth alikuwa fundi wa injini wa boti hiyo, mtu wa Ilemba, rafiki wa Benjamini tangu ujana. Taa za chumba cha injini zilikuwa zimechoka. Moja ilikuwa imekufa, na nyingine ilikuwa inawaka kwa kupenda yenyewe. Kila safari walisema watazibadilisha. Masika ya mwaka jana injini ilizima wakiwa mbali na ufuko. Loth akashuka, tochi ameiuma kwa meno. Aliteleza gizani, akaangukia kichwa.

"Tulimwita, hakuitika," Benjamini alisema. "Tukadhani anatutania. Alikuwa mtu wa utani."

"Pole sana," mama alisema.

"Alipenda pombe ya ulezi. Kwa hiyo kila tunapoondoka namtupia ulezi wake kidogo. Na anapokea."

"Anapokea vipi?"

Timoth alitema maganda ya muwa majini. "Inamisha pua hapo, mama. Hakuna mtu aliyeshuka na pombe humo tangu azikwe. Lakini sikia harufu hiyo. Jamaa anajipikia mwenyewe!"

"Timoth, funga mdomo wako."

"Nafunga, bosi. Lakini mimi humo siingii, hata unipe boti yenyewe."

Redempta aliinama. Kweli, joto lilipanda kutoka gizani, na ndani ya joto hilo, chini ya harufu ya dizeli, kulikuwa na harufu tamu, nzito, iliyochachuka kidogo. Halafu akasikia. Ko. Ko. Ko. Kimya. Kisha sauti ndefu, kama mtu aliyebanwa kifua anayevuta pumzi.

"Usiku na mchana yuko hivyo," Benjamini alisema. "Mmezoea nyinyi mafundi kelele. Mtamzoea."

Mama alimtazama binti yake. "Unaogopa?"

"Siogopi," Redempta alisema. Alisema hivyo kwa sababu Timoth alikuwa anamwangalia.

Wakashuka. Kwa mwanga wa tochi walifungua taa za zamani. Moja ilivunjikia mkononi, kutu tupu. Mama alivuta waya mpya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akafunga swichi pale pale mlangoni, ili mtu asishuke tena hatua moja kabla hajawasha. Taa zenyewe zilikuwa za LED, fupi, zilizofunikwa vizuri zisiingie maji. Moja ilifungwa juu ya ngazi, moja juu ya injini. Ya mwisho ilitakiwa kwenda nyuma kabisa, mahali ambapo shafti inatoka kwenda kwenye propela. Huko njia ilikuwa ni upenyo mwembamba kati ya injini na ubavu wa boti, na mama yake alikuwa mtu mnene.

"Wewe utapita," mama alisema. "Nenda hadi mwisho. Funga taa kwenye ule mhimili wa mwisho, skrubu mbili tu. Halafu mulika chini, uniambie kama pakavu. Sipendi waya wangu ukae karibu na maji."

Redempta aliingia, ubavu ubavu, taa kifuani, tochi mkononi. Chuma kilikuwa cha moto mgongoni mwake. Kila hatua ilizidisha harufu ile. Alipofika katikati, sauti ikaanza tena, safari hii karibu na miguu yake. Ko. Ko. Ko. Na pumzi. Alimulika mbele, na mwanga wa tochi ukayumba, akaona kama kitu cheupe chini kule mwisho, kitu chenye nywele.

Hakutazama mara ya pili. Aliifunga ile taa kwenye mhimili uliokuwa karibu na mkono wake, hapo hapo katikati. Skrubu moja ilianguka na hakuinama kuitafuta. Alirudi kinyumenyume.

"Umefika mwisho?" mama aliuliza.

"Nimefika."

"Chini pakavu?"

"Pakavu, mama."

Mama aliminya swichi. Chumba kikawa cheupe kama zahanati. Injini, mabomba, boliti, kila kitu kikajitokeza. Huko nyuma tu ndiko kulikobaki na kivuli, lakini mama alidhani ni kivuli cha injini. Benjamini, aliyekuwa ameinama mlangoni, alishuka ngazi pole pole kama mtu anayeingia kanisani. Alikuwa anatazama ukutani.

Kwenye rangi nyeupe ya ukuta, juu kidogo ya injini, kulikuwa na alama ya kiganja cha mtu, ya oili nyeusi, vidole vyote vitano. Pembeni yake, kwenye msumari, ilining'inia kandambili moja.

"Alikuwa anashika hapo akiinuka," Benjamini alisema. "Sikuwahi kuiona. Mwaka mzima nimekuwa napita hapa na sikuwahi kuiona." Aliweka kiganja chake karibu na ile alama, lakini hakuigusa.

Walilala kwa mama mmoja aliyekuwa na vyumba vya wageni. Jua lilipokuwa linashuka, mama huyo alikuwa anaondoa mikeka yake uani. Kwenye mikeka alikuwa ameanika ulezi uliokwisha kuota, mizizi yake myembamba, myeupe, imesokotana. Upepo uligeuka, na harufu ikamjia Redempta usoni. Alisimama pale pale na sahani yake mkononi.

Harufu ni ile ile.

Aliijua tangu utotoni. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa Bibi Coleta, ya gunia lililolowekwa na kufunikwa karibu na meko. Bibi alikuwa na maneno yake kila siku: ulezi mkavu hauna harufu, mpe maji, mpe joto, mfunike, na siku chache tu atakuambia mwenyewe yuko wapi. Redempta aliwaza juu ya zile konzi za ulezi zilizotupwa gizani safari baada ya safari. Giza lilikuwepo. Joto la injini lilikuwepo. Kama ulezi umeota, basi na maji yapo.

Na yeye alisema pakavu.

Alikwenda chumbani kumwambia mama yake. Mama alikuwa kwenye simu na Bibi, anacheka. "Mjukuu wako leo kafanya kazi ya mtu mzima! Mimi nisingepita pale hata kwa kusukumwa. Kapita, kafunga, kakagua. Nakuambia, huyu ndiye fundi." Mama alimpungia mkono aje aongee na Bibi.

Redempta aliishika simu. "Shikamoo, bibi," alisema, kisha akamrudishia mama simu. Baadaye alijiambia atasema kesho. Alijiambia pia kwamba labda hakuna kitu, labda ni pombe ya Loth kweli. Unajua mtu akishasema uongo, hata mzimu huwa afadhali kwake kuliko ukweli.

Asubuhi watoto wa kipaimara walikuja kwa basi, wanaimba. Mama Cornelia alikuwa anawahesabu na kuwafunga jaketi okozi, akiwagombeza wale wanaopiga filimbi za jaketi hizo. Alimwona Redempta. "Wewe binti wa fundi! Kiti chako kile pale mbele. Njoo uvae jaketi."

Redempta alisimama gatini. Alitazama mstari wa buluu wa boti. Mbele ulikuwa juu ya maji, kama jana. Nyuma ulikuwa umezama. Watoto walikuwa bado hawajajaa, na nyuma kulikuwa hakuna mtu ila Timoth anayezungusha kamba.

Mama yake alikuwa anafunga boksi la vifaa, tayari kuondoka. Benjamini alikuwa ameshika kifuniko, mkono mwingine mfukoni, kwenye ulezi.

"Mama," Redempta alisema. Hakusikika kwa nyimbo za watoto. Akarudia, safari hii kwa kupiga kelele, hata watoto wakanyamaza. "Mama! Jana sikufika mwisho!"

"Unasemaje?"

"Niliogopa. Nilirudi katikati. Sijui kama pakavu. Nadhani kuna maji. Ulezi umeota, mama, ni harufu ya kimea, ya kwa bibi!"

Mama Cornelia aliinua mikono. "Fundi, nini tena? Watoto hawa nimewaahidi wazazi wao kuwarudisha mapema!"

"Mama Cornelia, washushe," mama alisema.

"Kwa sababu ya maneno ya mtoto?"

"Kwa sababu ya maneno yangu. Nilikuambia kazi imekwisha. Haijaisha."

Benjamini alikuwa amekasirika, na alikasirika kwa sauti ndogo, jambo ambalo ni baya zaidi. "Kwa hiyo ile harufu ni kimea? Miezi yote hii?"

Watoto walishuka, mmoja mmoja, wananung'unika. Kijana mmoja alisema kwa nguvu, "Yule binti kaharibu safari!" Redempta alimsikia. Alivua kandambili zake, akamwambia mama yake, "Nitaingia mimi. Nilipokosea ni pale."

"Nitakushika nguo hadi mkono wangu utakapoishia."

Walishuka. Swichi, mwanga. Redempta alipita ule upenyo, na mkono wa mama ulikuwa kwenye nguo yake, kisha haukuwepo tena. Alifika katikati, akaifungua taa aliyoiweka vibaya. Aliishika mkononi ikiwa inawaka, akasogea nayo. Ko. Ko. Ko. Akafika mwisho, akainamisha taa.

Kulikuwa na kichwa chenye mvi ndani ya maji.

Hivyo ndivyo alivyoona, na alitaka kupiga ukelele, lakini mwanga ulikuwa mkali na haukuyumba. Alitazama mara ya pili. Halafu ya tatu. Alinyoosha mkono, akagusa. Mizizi. Mizizi myeupe ya ulezi, imeota juu ya pampu ya kutoa maji na kuisokota yote kama nywele za mzee. Maji meusi yalikuwa yamepanda hadi karibu na waya. Ndani yake kijiboya cha pampu kilikuwa kinainuka, kinagonga chuma, ko, ko, ko, kikiwasha pampu. Na pampu, iliyozibwa mdomo, ilikuwa inavuta, inavuta, haipati kitu, inaacha.

"Mama," alisema, "si mtu. Ni pampu. Inashindwa kupumua."

Walimpitishia ndoo ndogo. Aling'oa ile mizizi kwa mikono, konzi baada ya konzi, na Timoth ndiye aliyezipokea ngazini. Alikuwa ameshuka bila kuitwa, uso umempauka. "Poa, mdogo wangu," alikuwa anasema kila ndoo, "poa, poa." Pampu ilipoachiwa, ilikohoa, kisha ikatapika maji ziwani kwa nguvu. Nyuma ya boti ikaanza kuinuka. Benjamini alijipenyeza hadi nyuma, akaona maji yanapoingilia, pale shafti inapotoboa chuma. Ilikuwa nati iliyolegea, ambayo Loth alikuwa anaikaza kila wiki na ambayo hakuna mtu aliyeikaza tangu afe. Benjamini akaikaza kwa spana.

Ko, ko, ko ikakoma. Benjamini alikaa kwenye ngazi akisikiliza, na haikurudi.

Baadaye, wakisubiri pampu imalize, mama alikaa na Redempta gatini. Redempta alitegemea kofi. Mama alimfuta oili shingoni kwa kitambaa.

"Kuogopa si kosa," mama alisema. "Na mimi jana nywele zilinisimama humo ndani. Ungeniambia, mama nimeogopa, nimeishia katikati, ningefunga kioo kwenye fimbo, ningefanya lolote nione. Lakini ulisema umefika. Uliponiambia umefika, ulinifumba macho. Fundi akisema nimeona, watu wanapakia watoto wao kwa neno hilo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na mimi kosa langu ni kuminya swichi, kuona kivuli, na kutouliza kwa nini kuna kivuli. Tusirudie, wewe wala mimi."

Benjamini alikuwa amesimama nyuma yao, na mfuko wa ulezi mkononi. "Mimi nilisikia pampu inalia," alisema, "nikasema ni rafiki yangu. Nilitaka awe yeye. Ningewasha taa mapema ningejua. Lakini nadhani sikutaka kujua." Alimtazama Redempta. "Asante, mama. Umechelewa kusema, lakini umesema tukiwa bado gatini."

Safari ilifanyika siku iliyofuata, na Redempta alikaa mbele. Watoto hawakuzungumza naye hadi walipofika maji ya kina, kisha wakasahau.

Mama Cornelia alinunua pampu ya pili na anaikagua mwenyewe kila mwezi. Timoth aliacha kazi ya boti, yuko Sumbawanga, anaendesha bajaji. Bibi Coleta alifariki mwaka uliofuata, wakati wa palizi ya mahindi. Justa yuko gereji yake ile ile. Redempta yuko sekondari ya bweni na likizo anafanya kazi na mama yake. Benjamini bado ni nahodha wa Debora. Hatupi tena ulezi. Ameujaza kwenye kopo lenye mfuniko na kulitundika kwenye msumari, pamoja na ile kandambili. Ukuta umepakwa rangi upya mara moja, na alama ya kiganja waliizunguka kwa brashi, wakaiacha.